Mfaransa Kaandika, Mdomo Umekataa

Haya, nambieni nyie mliosoma. Lugha gani hii inayoandika herufi sita ikatamka tatu, kisha ikajisifu mbele za watu kwamba ndiyo lugha ya ustaarabu? Mtsyuu! Kijana wa watu kasimama kwenye omo ya mashua, bahari shwari kati ya Shimoni na Wasini, pomboo wanaibuka mmoja baada ya mwenzake, naye karatasi keshaihifadhi moyoni tangu usiku. Anapaza sauti: "Il na-gent!" Alitaka kusema wanaogelea. Silabi zote zimetimia, g ni ya gari, n na t za mwisho zinagongwa utadhani zimelipiwa ushuru. Wageni wanageuka kumtazama yeye badala ya kutazama bahari. Pomboo hao, wamezama.

Mimi simlaumu kijana. Naisonya karatasi. Kila msimu wa wageni ukikaribia, karatasi hizo huzuka pale gatini: zimetolewa fotokopi mpaka wino umefifia, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kifaransa, na pembeni mtu kaandika kwa kalamu namna ya kusoma. "Je nage" kaiandikia "ji neji". Sasa hiyo "neji" imetoka wapi? Imetoka kwa Mwingereza. Kijana wa Kwale asome Kifaransa kwa macho ya Kiingereza! Huko ni kwenda Msambweni kwa kupitia Voi.

Tukichukue kitenzi hicho hicho, nager, kuogelea, maana ndicho kitenzi cha kazi hapa. Anayewapeleka watu Kisite kutazama matumbawe hawezi kukikwepa. Kitabu kinasema: je nage, tu nages, il nage, nous nageons, vous nagez, ils nagent. Kwa macho hizo ni sura tano. Kwa masikio ni tatu tu. Ya mimi, ya wewe, ya yeye na ya wao zote ni nazh, silabi moja, hiyo zh ikiwa z iliyolegezwa ikaelekea kwenye sh. Ile -es ya "wewe" na ile -ent ya "wao" ni wafanyakazi hewa: wamo kwenye daftari la mshahara, kazini hawaonekani. Sauti nyingine mbili ndizo zenye mkia wa kusikika: nageons, yaani na-zhon na hiyo on inatokea puani, na nagez, yaani na-zhe.

Na hapo kwenye nageons ndipo karatasi ilipommaliza kijana wetu. Kasoma na-ge-ons, silabi tatu, na s juu yake. Kumbe ile e iliyokaa katikati haikuja kutamkwa. Kawekwa mlinzi. Kwa Kifaransa g ikifuatwa na o inakuwa ya gari. Ikifuatwa na e inakuwa zh. Basi ili g isiharibike mbele ya -ons, wamemsimamisha e hapo getini, anyamaze, afanye kazi yake. Nani aliyemwambia kijana habari hiyo? Hakuna. Karatasi imempa herufi, haikumpa siri zake.

"Lakini karatasi haijasema uongo," akaingilia Mwalimu. Huyu anasomesha sekondari, yuko likizo, na akiwa likizo hukaa nasi hapa kijiweni Shimoni kusahihisha watu bure. "Parlent, wanasema, ina silabi mbili. Par-lent. Hata vitabu vyao vinagawa hivyo."

Ni kweli, na hapo ndipo pa kusonya mara ya pili. Wafaransa wana mizani mbili za silabi, moja ya kalamu na moja ya mdomo, na wanazijua wenyewe tangu shule ya msingi. Kwa kalamu, parlent ni par-lent. Kwa mdomo ni parl, pumzi moja. Arriver, kufika, kwenye karatasi hugawika ar-ri-ver, zile r mbili zimetengana. Mdomoni ni a-ri-ve na r ni moja. Sisi huku silabi ya kalamu ndiyo hiyo hiyo ya mdomo. Ukiandika wa-na-o-ge-le-a umeshatamka. Hata m-tu, ile m peke yake ni silabi na inabeba mkazo. Mtoto wetu akifundishwa kusoma, kila herufi anayoiona anajua ina haki yake. Ukimpa Kifaransa bila kumwonya kwamba huku herufi nyingine zimekuja kukaa tu, umemtupa.

Nahodha alikuwa kimya mpaka hapo. Mzee huyu kabeba wageni tangu enzi za mashua za tanga, shule hakukaa sana, na Kifaransa chake hakijawahi kuandikwa popote. Lakini Mfaransa akipanda chombo chake, baada ya salamu mbili tatu huanza kumsimulia habari za wajukuu. Ukimuuliza siri, anasema yeye husikiliza mbele.

"Mbele wapi, ami?" kijana akauliza.

"Mbele ya kitenzi. Mkia wao si wa kuutegemea. Pomboo akija mmoja, Mfaransa anasema i-la-riv. Wakija wengi anasema il-za-riv. Mimi nikisikia z, najua ni kundi, nageuza usukani polepole."

Wallahi nikaona mzee kamaliza darasa la mwezi mzima. Kwa maandishi ni il arrive na ils arrivent, na mwanafunzi wa karatasi atakodoa macho kule mwisho, kwenye -e na -ent, ambako hakuna kitu. Zote mbili zinaishia riv. Wingi umejificha kwenye ile s ya ils, ambayo ikikutana na irabu inafufuka ikiwa z na kuirukia silabi inayofuata: il-za. Neno halikatiki pale nafasi ya karatasi ilipo. Konsonanti ya mwisho ya neno la kwanza inahamia kwa jirani na kuanzisha silabi yake. Vous avez si vuz-ave, ni vu-za-ve. Allez-y, haya nendeni, ni a-le-zi, silabi tatu zote wazi, utafikiri ni jina la mtu wa Gazi.

Na kitenzi kikianza na konsonanti? Hapo mzee mwenyewe alikiri hakuna dawa: il nage na ils nagent, anaogelea na wanaogelea, ni il-nazh zote mbili. Mfaransa mwenyewe hawezi kukutofautishia kwa sikio. Anatazama bahari akahesabu.

Sasa hebu linganisheni na chetu. Anakuja, wanakuja. Tofauti iko wapi? Mbele. Mwisho wa kitenzi hauguswi. Ninakuja, unakuja, tunakuja: kichwa kinabadilika, kiwiliwili kinabaki. Kifaransa cha mdomoni, ukikivua nguo za maandishi, ndivyo kilivyo. Je, tu, il yamebanwa na kitenzi mpaka yanatamkwa pumzi moja nacho. Hayasimami peke yake barabarani. Ukimuuliza Mfaransa "nani?" hatakujibu "je", atakujibu "moi", kama vile wewe usivyoweza kujibu "ni-" ukanyamaza; utasema "mimi". Tena wao siku hizi katika mazungumzo hata nous nageons wameichoka. Wanasema on nage, on-nazh, na maana yake ni sisi. Basi mkia unaosikika umebaki mmoja tu, wa vous. Watu sita, kitenzi sauti mbili!

Na kuna zaidi. Kwa Kiswahili nasema ninakuona: mimi kwanza, wewe katikati, kuona mwisho. Mfaransa anasema je te vois, zhe-te-vwa: mimi, wewe, ona. Nikisema ninamwona, yeye anasema je le vois. Mtendwa kaingia kati ya mtenda na kitenzi, vilevile kama kwetu. Mwingereza humweka mtendwa nyuma. Kwa hiyo kijana wa Shimoni ana ramani kichwani mwake tangu anaachishwa ziwa, halafu mnamvua mnampa ya Mwingereza, mnamwambia ahangaike. Mtsyuu! Mnisamehe, msonyo umetoka wenyewe.

Mwalimu hakukubali kushindwa kirahisi. Akasema herufi hizo hazikuwekwa kwa wazimu, zina ukoo. Tukampa nafasi, ndiyo adabu ya kijiwe. Akaeleza kwamba zamani za Warumi, kitenzi cha wao kiliishia -ant, -ent au -unt na kila herufi ilitamkwa. Karne zikapita, midomo ya Gaul ikaanza kula miisho, ikala t, ikala n, mpaka ikabaki irabu dhaifu, nayo ikaja ikaliwa. Kalamu haikufuata. Ilipoundwa Académie française mwaka 1635, wakubwa wakakaa kuamua maneno yaandikwe vipi, na waliotaka tahajia ya kale ishikiliwe wakawa na nguvu. Mmoja wao, François de Mézeray, mwaka 1673 aliandika waziwazi kwamba tahajia ya kale ifuatwe kwa kuwa inawatenganisha wasomi na wajinga, pamoja na wanawake wa kawaida.

Angejua nani amekaa ubavuni, Mwalimu asingelisema hilo. Mama wa viazi vya karai aliuacha mwiko ndani ya mafuta.

"Kwa hivyo hiyo -ent iliwekwa kwa ajili yangu mimi?"

"Si mimi niliyesema, mama."

"Naam. Nyie waungwana mmeandika herufi zisizotamkwa ili mimi nisizijue. Sasa nisikilize. Mimi namwambia Mfaransa 'goûtez', onjeni, gu-te, anaonja. Namwambia 'payez', lipeni, pe-ye, analipa. Hiyo herufi ya mwisho mmeificha wapi sijui na pesa ninazo mfukoni."

Akamgeukia kijana. "Mwanangu, wewe njoo ukae hapa karibu na karai siku mbili."

Kijiwe kizima kikacheka, na Mwalimu akacheka pia, ingawa kwa shida. Kusema kweli mama huyu alitoa kidokezo ambacho karatasi haina: goûtez na payez zote zinaishia -ez, na -ez ni e ya kusikika, ya kusimama juu yake. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapoteleza, na wala si kwa sababu ya herufi. Ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, umetuingia damuni. Mfaransa anausukuma mpaka mwisho wa kifungu. Kijana akiambiwa aseme nagez, anasema NA-zhe, uzito wote kwenye na, ile zhe inafifia. Mgeni anasikia "nage!" Na nage ni amri ya kumwambia mtoto, au rafiki mliyekula naye. Bibi wa miaka sabini kashuka garini kwa mkongojo, unamwamrisha kama mjukuu wako! Atavumilia, ni mgeni, lakini bakshishi utaisikia harufu tu.

Kuna jambo lingine la kuogelea ambalo si la kucheka sana, na nahodha alilisimulia kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida yake. Kabla ya mgeni kushuka majini pale Kisite, lazima aulizwe kama anajua kuogelea. Vous savez nager? Vu-sa-ve na-zhe? Kijana mmoja, chombo kingine, si huyu wetu, alikuwa amesikia kwamba s ya vous hugeuka z. Akaigeuza. Akauliza: "Vu-za-ve na-zhe?" Sasa sikieni maajabu. Hiyo nayo ni sentensi kamili ya Kifaransa: Vous avez nagé? Mmeshaogelea? Nager ya kuogelea na nagé ya kuwa umeogelea hutamkwa sawa, na-zhe, hakuna aliye duniani wa kuzitenga kwa sikio. Kilichobaki kutenganisha "mnajua" na "mmesha" ni s na z peke yake. Bwana mgeni akajibu kwa furaha: bado! Akajitosa. Laifu jaketi alikuwa nalo, alhamdulillahi, akavutwa akarudishwa ngazini akitema maji ya chumvi, na kijana mpaka leo hajui alikosea wapi, maana kwa mujibu wa kanuni aliyofundishwa alikuwa amepatia.

Kanuni hiyo ilikuwa nusu. S ya vous inakuwa z pale neno linalofuata linapoanza na irabu: vous avez, vu-za-ve. Likianza na konsonanti, s ya vous inakufa kabisa, na s utakayoisikia ni ya savez yenyewe: vu-sa-ve. Kwa njia hiyo hiyo ils ont, wanavyo, ni il-zon. Ils sont, wao ni, ni il-son. Mswahili hana sababu ya kuzichanganya. Tuna saa na zaa, tuna sima na zima, masikio yetu yanazitenga tangu utotoni. Tumechanganywa na macho.

Tena masikio ya watu wa huku ni ya hali ya juu, nisiwafiche. Twaa k, p na t. Hapa Shimoni na Wasini, kwa Kichifundi na Kivumba cha wazee, na ng'ambo kule Mvita, kaa wa baharini hatamkwi sawa na kaa la moto. Yule wa baharini ana pumzi, k inatoka na upepo. La moto ni kavu. Kiswahili cha shuleni kimezifuta pumzi hizo kwenye maandishi, nao vijana wa mjini wameanza kuzisahau. Sasa p, t na k za Mfaransa ni za kaa la moto, hazina upepo hata kidogo. Parlez, p yake ni kavu kama ya paa la nyumba. Za Mwingereza ndizo zenye kupuliza mshumaa. Mtu wa pwani akisikiliza tu, anaipata ya Mfaransa bila jasho. Akipita kwa Mwingereza anapuliza.

Na r? Ile r ya Paris inayowatesa watu wa bara mpaka wanaonekana wanasukutua, kwetu iko chuoni na iko dukani. Ni jirani wa karibu wa gh: ghali, ghafla, lugha. Sema arrive kwa gh ya ghali, a-ghiv, na Mfaransa atakuuliza ulisomea wapi. Iliyo ngumu kweli kwetu ni u ya tu, ambayo midomo inakunjwa kwa u huku ulimi unasema i, na zile sauti za puani ambazo watu wetu huzimalizia kwa ng', wakasema bong' wakimaanisha bon. Hizo zinataka mazoezi, na mazoezi ni ya sikio.

Mfaransa mmoja aliyejua umuhimu wa sikio alipita pwani hii: Padre Charles Sacleux, mmisionari wa shirika la Roho Mtakatifu, aliyeishi Unguja na Bagamoyo. Alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, na kamusi lake kubwa la Kiswahili na Kifaransa likatoka mwaka 1939. Ndani yake hakuridhika kuandika kaa na kaa. Kaweka alama kuonyesha ipi ina pumzi na ipi haina. Huyo katoka nchi ambayo watu wake wanaandika nagent wakasema nazh, kaja kwetu akaandika mpaka pumzi! Laiti angelipewa na tahajia ya kwao aitengeneze. Ila walipokuja kuirekebisha kidogo mwaka 1990, wakagusa alama za juu ya irabu na vistari vya kuunganishia maneno, ile -ent ya vitenzi hawakuithubutu.

Waliothubutu ni watu ambao hakuna aliyewapa karatasi. Pango la Shimoni lipo hatua chache kutoka tulipokaa, na kila mgeni hupelekwa kuona minyororo, kwa hiyo habari ya utumwa hapa haihitaji utangulizi. Kusini zaidi, Kilwa, mwaka 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa elfu moja kwa mwaka. Watu wa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki walichukuliwa kupelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion, na baadaye Shelisheli. Kule walikisikia Kifaransa cha mdomoni, cha mabaharia na wasimamizi wa mashamba, hawakuonyeshwa cha vitabuni. Krioli iliyozaliwa kule haina mkia wa kitenzi. Shelisheli wanasema mon manze, ou manze, i manze, nou manze, zot manze: nala, unala, anala, tunala, wanala, kitenzi kimesimama pale pale. Na wakati uliopita unawekwa mbele: mon ti manze, nilikula. Mon, ti, manze. Ni, li, kula. Siendi mbali nikadai kwamba babu zetu ndio walioipanga. Wataalamu wa lugha wanabishana juu ya hilo na ubishi wao hauishi. Nasema tu kwamba waliolazimika kujifunza kwa sikio peke yake hawakubeba hata herufi moja iliyokufa.

Wakongomani nao wana ufundi wao. Mtu wa Goma au Lubumbashi akichanganya, anakichukua kitenzi cha Kifaransa katika ile sura ya -er, anakiacha hivyo hivyo, kisha vyeo vyote anampa Mswahili wa mbele: tuna-continuer, tunakontinye, nita-téléphoner, nitatelefone. Nafsi yetu, wakati wetu, kitenzi chao. Mwalimu anasema huko ni kuharibu lugha mbili kwa mpigo mmoja. Mimi naona ni kuzipumzisha.

Maalim wa chuo alikuwa amekaa muda wote na kikombe chake cha kahawa, tasbihi mkononi, hasemi. Tulidhani hayamhusu. Akakohoa.

"Mnashangaa nini?" akasema. "Kijana huyu nimemsomesha mimi. Hebu nambie, mwanangu, qaaluu, walisema, inaandikwaje?"

Kijana akajibu kwamba ni qafu, alifu, lamu, wau, na alifu.

"Hiyo alifu ya mwisho unaisoma?"

"Haisomwi, Maalim."

"Ipo kwa nini?"

"Inafuata wau ya wingi. Ya wao."

Nikaona kijana mwenyewe ameduwaa na jibu lake. Kitenzi cha wao, mwishoni kina herufi inayoandikwa na haitamkwi, naye hajawahi kuikosea tangu akiwa na miaka saba. Maalim hakumwacha apumue. Akamuuliza rahma, ukisimama juu yake unasemaje? Rahmah. Ukiunganisha na Jina la Mwenyezi Mungu? Rahmatullahi. Ile te iliyokuwa imenyamaza kwenye kituo imetoka wapi? Ilikuwepo, ilisubiri irabu. Na kama ni kweli kwa Mwarabu, kwa Mfaransa kuna ajabu gani? Mwalimu ikabidi athibitishe: nagent ikiwa peke yake ni nazh, lakini ukiuliza nagent-ils, wanaogelea?, ile t ya mwisho inaamka na kuhamia kwa jirani: nazh-til. Tena Mfaransa kazidisha. Anapouliza nage-t-il, anaogelea?, kwenye nage hakuna t kabisa, ila anaipachika kati ili irabu mbili zisigongane.

Kwa hiyo elimu ya kuvusha konsonanti, elimu ya kituo na ya kuunganisha, elimu ya herufi iliyopo isiyosomwa, yote hayo watoto wa Shimoni wanayo. Wamesomeshwa alasiri, juu ya jamvi, kwa kusikiliza na kurudia mpaka ulimi unyooke, na mwalimu wao haandiki "ji neji" pembeni. Kisha asubuhi wanapewa fotokopi.

"Mtihani nao?" Mwalimu akauliza, na haki yake asipokonywe. "Mwanafunzi wa kidato cha nne asipoandika -ent kwenye ils nagent anakatwa alama. Sikio litamwandikia?"

Hilo ni kweli. Litamshinda. Hata watoto wa Ufaransa wenyewe hukatwa alama kila siku kwa kuandika nager palipotakiwa nagé, maana sikio haliwaambii kitu. Anayetaka cheti aihifadhi mikia kwa macho kama wanavyoihifadhi wao. Lakini kijana huyu hajaomba cheti. Ameomba wageni watazame pomboo. Nilipomwambia Mwalimu hivyo alifungua mkoba, akatoa kitabu, akakifunua katikati, akasema basi angalau ajifunze wakati mmoja zaidi, passé simple. Akasoma kwa madaha: nous nageâmes, vous nageâtes, ils nagèrent.

Mama wa viazi akageuza karai lake. "Hiyo Wafaransa wanaisema lini?"

"Hawaisemi. Iko vitabuni tu."

"Kifunge, Mwalimu. Na viazi vya jana hujanilipa."